Gurudumu Ulilolikalia

Tunu mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako ninaijua. Asubuhi uliimba bafuni mpaka maji ya ndoo yakapoa, ukanywa chai vikombe viwili, ukapanda gari la Matombo kwenda kumuaga bibi. Jioni utarudi na mkungu wa ndizi usioingia kwenye begi lolote duniani, nasi tutabishana mpaka mmoja wetu acheke. Kesho asubuhi utapanda basi la Arusha. Nimekaa barazani hapa Mafiga, mlima umejifunika wingu lake, nami nimeona niandike sasa kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza habari za sweta na dawa ya kifua. Sweta nimeshaliweka. Limekwisha hilo.

Nataka tuongee juu ya Jumamosi. Wewe umelitaja jambo hilo mara moja tu, siku ya pili yake, ukichambua mchele bila kuinua macho. "Mama, wale wa Arusha nitawaomba wanipe kazi ya stoo. Magurudumu wampe mtu mwingine." Nikasema tutaongea, kisha hatukuongea. Wewe na mimi tuna tabia moja: jambo likituuma tunaingia nalo ndani na kulizungusha peke yetu mpaka linachakaa. Lakini hili haliwezi kusubiri lichakae. Timu yao ya mbio za magari imekuita kwa ajili ya magurudumu. Yule kaka aliyekupendekeza alikuona uwanjani ukikagua nati, na hicho ndicho alichokwenda kuwaambia. Ukifika kule ukaomba stoo, watakupa stoo, na utazoea kukaa humo. Basi soma taratibu, ukishapita Chalinze na jirani yako wa kiti akishalala.

Habari ya Jumamosi nitaifikia, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Watu huniuliza mwalimu wa fizikia aliingiaje kwenye mambo ya magari, na jibu ni mjomba wako Shomari. Alipoanza kupenda mwendo, mimi dada yake niliogopa, na mimi nikiogopa kitu nakwenda kukisoma. Mzee Mkude alipowakubalia watumie shamba lake la ng'ambo ya Dumila kila akishavuna mahindi, wakapitisha greda, wakachora njia ya vumbi ya kuzunguka, nikaenda nao. Nilitaka kuona mdogo wangu anacheza na nini. Nikaona gari moja moja likizunguka, hakuna wa kushindana naye, kila mtu na furaha yake. Nikaona pia kwamba kila mtu anasifia injini, na hakuna anayeangalia vile vipande vidogo vya chuma vinavyoshikilia gurudumu. Hapo nikapata kazi.

Nati zetu za kwanza, unazikumbuka? Mjomba alizinunua Dar pamoja na rimu mpya. Zilikuwa za buluu, zinang'aa, nyepesi kama vifuniko vya soda. Mimi pia nilizipenda, nisijifanye. Tukazikaza kwa ile spana ya kipimo, nikaipanga nguvu kama kitabu cha gari kilivyosema, nayo ikalia tak, tak, tak, kila nati mara moja, na moyo wangu ukatulia. Mjomba akazunguka mara chache, akarudi, nikashika nati moja kwa vidole tu, ikageuka.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nilipiga hesabu upya, nikaituhumu spana, nikamtuhumu muuzaji. Mwishowe nikachukua wanja wangu, nikapaka ile sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu, nikakaza, nikafungua. Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni huku mjomba akitucheka.

"Dada, unazipaka nati wanja. Zinaolewa lini?"

"Zikipata rimu inayozifaa," nikamwambia.

Wanja ulikuwa umefutika kwenye kamstari kembamba tu, kama uzi. Tundu la rimu lilikuwa limechongwa kama faneli, pande zake zimenyooka, na kitako cha nati kilikuwa cha mviringo kama mpira. Viwili hivyo vilikuwa vinagusana kwa ukingo tu. Spana ilikuwa imesema kweli kabisa: nguvu niliyoitaka ilifika. Ila spana haina namna ya kujua kama nati imekaa. Tangu siku ile, nati ya kwetu huchaguliwa kwa kitako chake kwanza, halafu meno yake, ili iingie kwa vidole mpaka mwisho bila kulazimishwa, halafu iwe ya chuma kigumu, wazi juu, uione bolti ikitokeza upande wa pili. Rangi inachaguliwa na mjomba, na siku hizi hata yeye hachagui tena. Zile za buluu bibi yako alizitundika kwenye bustani yake kufukuza ndege, na nasikia ndege wamezizoea.

Sasa nije kwenye ile habari ambayo Dumila nzima inaijua, ingawa nadhani hakuna aliyewahi kukueleza upande wangu.

Nilikuwa nakaza gurudumu la mbele kushoto. Gari lilikuwa juu ya jeki, nati zote tano zimeshikwa kwa mkono, tatu nimezipitishia spana ule mpito wa kwanza mwepesi, bado mbili, na bado mpito wa mwisho gari likishashushwa chini. Mzee Mkude akaja na fimbo yake. Mwenye shamba. Nikaiweka spana chini, nikajifuta mikono, nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hujambo? Wanafunzi hawajambo? Mama yetu Matombo anaendeleaje na mguu?"

Mguu wa bibi una historia ndefu. Nikaieleza. Yeye akanieleza juu ya mbuzi wake, halafu juu ya mkwe wake wa Kilosa, halafu tukarudi kwenye mguu kwa sababu alikuwa amekumbuka dawa. Tulipoagana nilirudi kwenye gari nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyesalimia vizuri, nikalishusha chini, nikaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma.

Mjomba anasema alikuwa anaingia kona alipoona tairi linampita upande wa kushoto, akajiuliza ni nani huyu anayetaka kushindana naye. Likavuka mabua, likaingia kwenye kibanda cha mama Zai, likaegemea benchi. Mama Zai hakuinuka. Alilitazama, akasema, "Wali au ugali?" Watu walilala chini kwa kucheka. Mjomba alitoka garini akicheka kuliko wote, mzima, ana vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi nilicheka baadaye sana. Kwanza nilitaka kujua kwa nini, kwa sababu mimi kusahau si kawaida yangu. Nikafuata uzi mpaka mwanzo wake. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, Tunu, na wewe unajua jinsi mtaa unavyomtazama msichana wa shule mwenye mtoto mgongoni. Kwa miaka mingi nilikuwa msalimiaji hodari kuliko wote Mafiga. Nilikuwa namwamkia mtu nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Nilidhani watu wote wazima wanangoja nikosee tena, na kwamba nikiwa na adabu ya kutosha watachoka kungoja. Mkono wangu uliiachia spana siku ile kabla akili haijaulizwa. Kama badala ya Mzee Mkude angekuja kijana wa rika langu, ningemwambia ngoja, na gurudumu lisingekwenda kwa mama Zai kula.

Nilipomweleza mjomba, alifikiri kidogo, kisha akaenda kusema na Mzee Mkude mwenyewe. Mimi nisingethubutu. Nilisikia kwa mbali.

"Mzee, mtu akiwa anaswali, unamsalimia?"

"Namngoja amalize."

"Basi na dada yangu akiwa ameshika spana, mngoje atoe salamu."

Mzee Mkude alicheka mpaka akaegemea fimbo. Ndiyo desturi ya uwanja wetu hiyo mpaka leo. Aliye kwenye gurudumu haamkii wala haamkiwi, na akikatizwa kwa lolote anarudi nati ya kwanza. Wageni hushangaa kuona mzee mzima amesimama na fimbo anamngoja msichana amalize nati zake. Wewe umekulia ndani ya desturi hiyo na huioni kama kitu. Kule uendako haipo. Utaianzisha wewe, kwa hiyo adabu yako yote uliyofundishwa na bibi, ile ya kuinama na kushusha sauti, utaihitaji, maana utawaomba watu wakubwa jambo ambalo hawajazoea kuombwa.

Haya, Jumamosi.

Mjomba alikuwa amezunguka mara ya kwanza, magurudumu yamepoa, na wewe ulikuwa unapita na kitambaa na spana kama kawaida, ukitazama ule mstari wa rangi unaouchora kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, unaotuambia nati ikisogea. Wageni kutoka Dar walikuwa wamepanga viti. Mjomba alikuwa ameshavaa helmeti, na unajua mjomba akiwa na helmeti na wageni hana masikio. Nilikuwa chini ya turubai na muhogo wangu wa kukaanga.

"Mjomba, shuka kidogo."

"Kuna nini?"

"Nati moja huku nyuma imesogea."

"Kaza, twende."

"Iliyosogea haikazwi tu, mjomba. Inafunguliwa itazamwe."

"Tunu, watu wanangoja. Kaza, mpwa wangu, nitaitazama nikirudi."

Ulinyamaza. Nami nikaacha kutafuna. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Yeye ndiye atakayekaa mkekani siku watu wakija kukuposa. Ndiye aliyekufundisha gia. Hujawahi kumjibu vibaya tangu uanze kusema, na ukimya wako ule niliuhesabu kuwa ni kukubali. Nilijizuia nisiinuke. Nilijiambia, akiikaza tu, nitakwenda mwenyewe.

Ukainama, ukapiga jeki, ukafungua nati zote tano, ukatoa gurudumu zima. Ukalibingirisha mbele ya wageni mpaka kivulini, ukalilaza, ukalikalia.

Mjomba akapiga honi. Ukamtazama.

"Mama Tunu," akaniita kwa sauti ya kuomba msaada, "mwambie mwanao."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nakula muhogo."

Sauti yangu ilikuwa ya mzaha, Tunu, lakini kwa furaha nilijifuta uso kwa mkono wenye pilipili, ikaniingia machoni.

Sote tunajua kilichofuata. Mjomba alishuka, akavua helmeti, mkachuchumaa pamoja. Mkatazama bolti, meno yake mazima, haijavutika kuliko wenzake. Mkaingiza nati kwa vidole, ikaenda mpaka mwisho kama inateleza. Mkapaka wanja, ukafutika kotekote, duara zima. Hakuna kitu. Nati haikuwa imesogea hata unywele. Ulikuwa umechora mstari asubuhi, kisha ukapitisha kitambaa kabla rangi haijakauka, ukauvuta mwenyewe.

"Kumbe nzima," akasema mjomba. Mgeni mmoja akasema huko Arusha watakurudisha nyumbani kwa basi lile lile litakalokupeleka, na viti vyote vikacheka. Ulirudisha gurudumu, ukapita nati zote kwa zamu yake, moja kuruka moja, ukamwonyesha mjomba kidole gumba. Akaondoka. Wewe ukaenda nyuma ya pikapu, na nikaona mabega yako.

Sikukufuata. Nilidhani nakupa nafasi. Sasa naona ningekufuata.

Kosa lako la Jumamosi ni la rangi. Iache ikauke, ukaoge, ukanywe chai, urudi. Hilo ndilo lote, na halina ukubwa wa kubeba kazi yako yote mgongoni. Kinachonitisha mimi ni siku nyingine, huko mbele, utakapoona mstari umevutika kwenye gari la mtu usiyemjua vizuri, mkubwa kwako, ana haraka, na sauti ndogo ikakwambia, pengine ni rangi tu. Naifahamu "pengine" hiyo. Kila mwaka darasani nina msichana mmoja ambaye alinyoosha mkono mwanzoni mwa muhula, akakosea, wavulana wakacheka. Haachi kujua majibu. Nayaona kwenye daftari lake, yote sahihi. Ila mkono haunyooki tena, na mimi mwalimu wake ninayejua anajua, siwezi kuunyoosha kwa niaba yake. Nimejaribu mbinu nyingi. Wengine hurudi, wengine huondoka na mkono wao chini ya dawati mpaka mwisho wa shule.

Nikisahihisha mtihani, anayepata jibu kwa kubahatisha simpi alama za njia. Anayefuata njia sawasawa akateleza kwenye namba moja nampa karibu zote, na pembeni naandika "rudia hapa". Jumamosi ulitazama, ukatilia shaka, ukasimamisha, ukafungua, ukatafuta, ukakubali ulichokikuta, ukarudisha vizuri. Pembeni nimeandika "rangi". Sina pengine pa kuweka wino mwekundu.

Nami siongei kama mtu aliyekwisha kujifunza. Huwa najiuliza kama mimi ningelitoa gurudumu lile. Ningebishana, hilo najua, ningemweleza mdogo wangu mambo ya msuguano mpaka achoke. Kulitoa kimya kimya na kulikalia, sidhani. Hilo hukulitoa kwangu. Nimejaribu kukumbuka kama ni la bibi au la nani, na nimekubali kuwa ni lako.

Kuna jambo moja tu limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mchana huu mjomba amekuja kukuletea begi kubwa, ukawa umeshaondoka. Akakaa hapa nilipokaa, akanywa maji, akauliza mara tatu kama umekata tiketi ya dirishani. Nikamuuliza kama Jumamosi alikasirika.

"Nilikasirika sana. Nimetoka Dumila na hasira, nimefika Mkundi bado ninazo."

"Mtoto anataka kwenda kukaa stoo, Shomari. Anaona alikuaibisha bure."

Akaigeuza bilauri kwenye kiganja.

"Ule mzunguko wa pili uliuona, dada?"

"Niliuona."

"Ile kona ya kisimani. Miaka yote naachia mafuta mapema. Nawaambia watu ni udongo, pale pana udongo mbaya. Si udongo. Nikikaribia pale sikio langu moja huwa linakwenda kwenye magurudumu, linasikiliza, na mguu unapungua wenyewe. Hata ukikaza wewe. Usinune, nakwambia ukweli. Jumamosi nimeingia kona ile nimekanyaga, nimetoka nimekanyaga, nimefika kwenye mnazi ndipo nikashtuka."

"Ulishtuka nini?"

"Kwamba nilikuwa nimesahau kabisa kama gari lina magurudumu."

Kisha akasema, "Usimwambie, ataringa." Nikamwahidi kuwa sitakwambia, na kuandika hakunikataza.

Mimi nimekagua magurudumu ya mdogo wangu muda wote huu, kwa vitabu, kwa spana, kwa wanja, na sikuwahi kumpa mzunguko kama ule. Ulimpa wewe, siku uliyokosea, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kukiwa na shaka hata ndogo, hata ya rangi, hutamruhusu aondoke. Dereva hawezi kununua kitu hicho dukani. Huko Arusha wapo watu wana magari ya kasi kuliko la mjomba na kona mbaya kuliko ya kisimani, na kila mmoja anaendesha sikio lake moja likiwa nje ya dirisha.

Wakikupokea na kukuuliza unataka kushika nini, waambie magurudumu.

Mama yako, anayekwenda kupokea ndizi